Pindua Ala, Utikise

Kijana alifika na sime mkononi na ala kwapani, na hilo peke yake lilimweleza fundi shida iko wapi. Fundi hakuigusa sime. Aliipokea ala, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima, kisha akainusa.

"Hii imelala mvuani," alisema.

"Siku mbili, mzee," kijana alikiri. "Tulikuwa tunatafuta ndama."

Hapo ni Arusha, nyuma ya soko, kwenye kibanda cha mshona viatu chenye meza moja, benchi moja la wateja na gunia la vipande vya ngozi ambalo ndilo stoo yake. Riziki yake kubwa ni soli zilizobanduka na zipu za mabegi ya shule. Lakini ukikaa pale asubuhi nzima utawaona wateja wa aina nyingine: mchinjaji, mwongoza watalii, mtunza bustani wa hotelini, Wamasai wawili watatu. Hao wote kisu wanacho. Wanatafuta pa kukiweka.

Nami nilikwenda pale na kisu changu. Kilifuliwa na mhunzi wa upande wa Kilimanjaro kutoka kwenye springi ya lori, bapa lina urefu wa kiganja, mpini ni wa mti mgumu uliopigwa ribiti mbili za shaba. Nilikirudisha nyumbani kimefungwa kwa gazeti. Wiki ya kwanza kilitoboa begi langu. Wiki ya pili kilinitoboa mimi, nilipoingiza mkono begini kutafuta funguo.

Watu hubishania bei ya kisu nusu saa nzima, makali yakijaribiwa kwenye ukucha na ncha ikitazamwa juani, kisha mnunuzi akimaliza kuhesabu noti hutupia la mwisho: "Na ala yake utaniwekea." Kama vile tulivyokuwa tukiwekewa mifuko ya plastiki dukani kabla haijapigwa marufuku 2019. Baada ya miezi kadhaa ya kukaa kwenye benchi lile, mimi nimegeuza utaratibu. Nikionyeshwa kisu naomba ala kwanza. Kwenye maduka ya vinyago kuna ala nyekundu zinazong'aa, zina shanga, zina vishungi, na ukichomoa kilichomo unakuta bati lisiloweza kumenya embe. Ala zile zilikatwa kwa mkupuo, zote kwa kipimo kimoja, kisha visu vikamiminwa humo. Ukikipindua kisu cha namna hiyo chini juu, kinadondoka. Aliyekitengeneza alijua kitaishia ukutani.

Kiswahili chenyewe kimelipa neno ala mizigo mingi: kuna ala za muziki, na kuna ile "ala!" ya mtu aliyeshtuka. Ala ya kisu ni nyingine, na zamani ilikuwa na mwenzake, uo, neno ambalo leo hulisikii sana nje ya kamusi. Tendo la kuutoa upanga alani nalo lina kitenzi chake: upanga hufutwa. Nilimwambia fundi kwamba nalipenda neno hilo, kwa kuwa ni lilelile la kufuta vumbi mezani. Hakuwa amewahi kuliwaza, lakini alilipima kidogo kisha akacheka. "Ni kweli, ala inakifuta kisu kila kikitoka. Na ikiwa na mchanga ndani, inakifuta makali."

Sime ya yule kijana ilikuwa ya kazi. Wamasai huiita olalem. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea nchani, ili uzito ukae mbele pale linapopigia. Halina kikingio cha mkono. Mpini umevikwa ngozi. Siku hizi nyingi hufuliwa kutoka kwenye springi za magari, tupa zilizochakaa au mapanga ya dukani yaliyokonda kwa kunolewa. Majirani zao wa Kenya, Wakikuyu, nao wana upanga mfupi wa namna hiyo, rũhiũ, na ala yake ina jina lake, njora.

Umbo hilo humpa kazi mtengeneza ala. Mdomo wa ala sharti upitishe sehemu iliyo pana kuliko zote, na ikishapita, shingo nyembamba ya sime hubaki imezungukwa na nafasi tupu. Ukitegemea bapa likamatwe na mdomo, litacheza kama jino bovu. Kwa hiyo ala ya sime hujengwa mifupa kwanza: vibao viwili vyembamba vya mti, vimechongwa kufuata bapa, kisha huvikwa ngozi mbichi iliyolowekwa hadi ikalainika, ikashonwa ingali na maji yake. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza, ikavibana vile vibao kwa nguvu ambayo gundi haina. Mwisho hupakwa rangi nyekundu, ikaning'inizwa kwenye ukanda, upande wa kulia wa mvaaji.

Jambo moja kuhusu Wamasai na chuma lazima nilitaje ingawa linanitoa njiani. Uhunzi kwao ulikuwa kazi ya kundi lililotengwa, ilkunono. Wengine hawakuoa kwao, na mtu aliyepokea kitu kutoka kwa mhunzi alipaka mafuta mikononi kwanza, ajikinge na unajisi. Sababu yao ilikuwa mwiko. Lakini mafuta hayohayo, yakishahamia kwenye chuma, ndiyo yanayozuia kutu. Sidai kwamba mwiko ulitungwa kwa ajili ya kutu. Nasema tu kwamba sime za watu hao hazikupata hasara.

Tatizo la ngozi mbichi ni kwamba haisahau kuwa ilikuwa mbichi. Ikinyeshewa siku mbili hulainika tena, hunyonya maji, mishono hukatika, na vibao ndani huvimba. Kijana alitaka kuianika juani akaendelea na safari. Fundi alimkatalia. Jua kali huikunja ngozi kabla ndani hakujakauka, na moto ni mbaya zaidi. Aliingiza ndani ya ala kipande cha mti chenye umbo la bapa ili isijikunje, akaiweka kivulini chini ya meza, akamwambia arudi baada ya siku nne. Sime yenyewe aende nayo, aipake mafuta, asithubutu kuirudisha humo.

Ngozi ya kisu changu ilikuwa habari nyingine, na hapa ndipo nilipogundua kwamba sikujua chochote kuhusu kitu ninachokivaa miguuni kila siku.

Viwanda vingi leo husindika ngozi kwa chumvi za kromu. Ni njia ya haraka, kazi ya siku moja hivi, na ngozi hutoka na rangi ya samawati. Baadaye hupakwa rangi nyeusi au kahawia, ikawa kiatu laini au mkoba au kochi. Njia ya zamani ni ya magome ya miti, ambayo huhitaji wiki na pengine miezi mashimoni. Ngozi ya magome hutoka na rangi ya udongo wa mfinyanzi, ngumu kiasi, yenye harufu ya stoo ya mkulima. Kwa ala, fundi hataki nyingine. Ngozi ya kromu ukiilowesha na kuikandamiza kwenye kisu hukuitikia, kisha ikikauka hurudi ilivyokuwa kama sifongo. Zaidi ya hapo, chumvi zake zaweza kukitia chuma kutu. Ile ya magome ukiibonyeza ikiwa na unyevu hushika umbo ulilolipa na kulikumbuka.

Magome hayo tunayo sisi wenyewe. Njombe kuna mashamba ya miwati ya Tanganyika Wattle, kampuni wanayoiita Tanwat, iliyoanza 1949. Mwati asili yake ni Australia. Gome lake hubanduliwa, hupikwa, na maji yake hukaushwa yakawa dawa ya kusindikia ngozi. Kenya nayo ilikuwa na mashamba makubwa ya mti huo upande wa Eldoret. Na kabla ya miwati kushamiri, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalipakiwa majahazini na melini kwenda kusindika ngozi za watu wa mbali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na bado fundi wangu hupata ngozi nzuri ya magome kwa kubahatisha. Nyingine humfikia ikiwa imejaa makovu, kwa sababu ng'ombe wetu tunawapiga chapa za moto ubavuni, pale hasa ambapo ngozi ina thamani. Mwenye kiwanda cha makochi hulia akiona makovu hayo. Fundi wa ala hupitisha kisu katikati yake, maana kipande cha viganja viwili kinamtosha.

Utajuaje ulichouziwa? Kata ukingo uutazame: ukiona kijivu au usamawati katikati, ni kromu hata juu iwe kahawia vipi. Fundi ana njia yake nyingine, na ndiyo iliyonifurahisha. Chini ya meza ana chupa ya siki aliyotumbukiza misumari yenye kutu wiki nyingi zilizopita. Akidondoshea tone kwenye ngozi ya magome, hugeuka nyeusi tii mbele ya macho yako. Kwenye ngozi ya kromu haiwi nyeusi namna ile. Chupa hiyohiyo ndiyo rangi yake nyeusi. Haibanduki, kwa sababu haikupakwa juu: ni ngozi yenyewe imegeuka.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Unalaza kisu kwenye kipande cha boksi, unachora kukizunguka, unakipindua kwa mgongo wake unachora tena, unaongeza nafasi ya mshono na ulimi wa kupitishia mkanda. Ukikunja, mgongo wa kisu unakaa kwenye mkunjo, makali yanatazama mshono. "Andika juu ni wapi," mzee aliniambia, "maana ngozi ina uso mmoja, karatasi ina nyuso mbili." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Ala yangu ya kwanza niliishona nyumbani, kwa kiburi. Nilikunja, nikatia gundi, nikashona. Ilipendeza. Siku ya nne nikiwa nimekaa kwenye daladala nilihisi kitu kinanichoma, nikatazama, ncha ya kisu inanichungulia pajani. Makali yalikuwa yamekata nyuzi moja baada ya nyingine, kila nilipokirudisha.

Fundi aliigeuzageuza ala ile bila kunicheka, jambo lililoniuma zaidi. "Umekishonea kisu chakula," alisema.

Kilichokosekana ni ukanda mwembamba wa ngozi ambao huwekwa katikati, kati ya kuta mbili, kufuata mshono wote. Ndio huupokea ulimi wa makali. Kisu kikiingia vibaya hukutana na ngozi nene iliyosimama ubavu badala ya kukutana na uzi, na hata kikiuma kidogo kila siku, itachukua miaka kufika kwenye mshono. Ukanda huo hauonekani kwa mnunuzi. Kwenye ala za maduka ya vinyago sijaukuta hata mara moja, na sasa ndio kitu cha kwanza ninachokitafuta: natazama ukingo, nahesabu matabaka. Yakiwa mawili, naurudisha mkono wangu nyuma.

Ngozi inayofaa ina unene wa milimita tatu hadi nne. Tabaka tatu za namna hiyo hakuna sindano inayopenya kwa kusukuma. Unatanguliza msharasi kutoboa. Na ili matundu yawe na nafasi sawa, mafundi wa ughaibuni wana vifaa vyenye meno yaliyopangwa. Mzee wangu ana uma wa mezani. Anaukandamiza juu ya mstari, unaacha alama nne, analihamishia jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, anakandamiza tena. Nimeona mishono ya uma ule na ya vifaa vya kununua, na nakiri sikuweza kuitofautisha.

Uzi ni mmoja, sindano mbili, moja kila ncha ya uzi. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, hii ikitoka kulia na ile ikitoka kushoto, zikipishana kama watu mlangoni. Mshono wa cherehani uzi wake wa juu ukikatika mahali pamoja, ukivuta, unaweza kufumuka mstari mzima. Huu ukikatika mahali pamoja, pande zingine zinashikilia, kwa kuwa kila tundu limejaa nyuzi mbili zinazobanana. Uzi hupitishwa kwenye nta ya nyuki kwanza ili usioze na usiteleze. Urefu wake ni takriban mara nne ya mshono. Mimi nilikata mara mbili na nusu, nikaishiwa nikiwa karibu na ncha, nikaanza upya huku mteja wa soli akinitazama kwa huruma.

Kisha maji. Ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu maji ya moto huinyausha ngozi ikawa kama ganda la muhogo mkavu. Unaitumbukiza ala hadi mapovu yaishe, unaitoa, unaiacha ichuje kidogo, kisha unakiingiza kisu. Unabonyeza kwa vidole gumba kuzunguka mpini, pale unapoanza kunenepa, hadi ngozi ichukue umbo lake. Kwa kisu kisicho na kikingio hapo ndipo penye siri yote: si bapa linaloshikwa, ni mpini, unaozama mdomoni mwa ala theluthi moja hivi na kubanwa na ule mkunjo uliouacha kwa kidole.

Kabla ya kukiingiza unapaswa kukizungushia nailoni. Niliambiwa. Nilidhani ni uangalifu wa kizee. Asubuhi nilipokichomoa, bapa lilikuwa na madoa meusi kama karatasi iliyomwagikiwa wino, na ndani ya ala vilevile. Nilimpelekea mzee nikiwa na hofu nimeharibu, naye akanyoosha mguu chini ya meza akaisukuma ile chupa ya siki na misumari hadi ikagusa kiatu changu. Chuma, unyevu na dawa ya magome: nilikuwa nimepika rangi yake bila kutaka. Ndiyo sababu hata ala kavu si mahali pa kuhifadhia kisu miezi. Kisu kikiwa nyumbani kipakwe mafuta kikae nje.

Sitaki nionekane kama ninaiuza ngozi. Yule mchinjaji niliyemtaja hatumii ala ya ngozi kazini na fundi hamshawishi. Damu na chumvi huila, haioshwi kwa maji ya moto, na hukaa na harufu. Yeye ana kipande cha bomba la maji la plastiki kilichopashwa moto, kikabanwa kati ya mbao mbili hadi kikawa bapa, kikakunjwa kufuata kisu. Kibaya kwa sura, hupigwa maji ya bomba jioni na kesho ni kipya. Anachokuja kushonewa pale ni mkoba wa ngozi wa kubebea visu vyote kwenda majumbani siku za Idd el-Hajj, kwa sababu adabu ya kuchinja ni mnyama asikione kisu kinanolewa, na yeye huona afadhali asikione kabisa hadi wakati wake.

Na kuna ala ambazo hazikushonwa kwa ajili ya kisu hata kidogo. Jambia la Oman, hanjari, ambalo lilivaliwa Unguja enzi za masultani na limo kwenye bendera ya Oman ya 1970, lina ala iliyopinda karibu pembe mraba. Bapa lenyewe halipindi kiasi hicho. Linaishia njiani, na sehemu ya mwisho ya ala ni tupu: mti, ngozi, nyuzi za fedha, na hewa. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika 2022. Fundi wangu alipoona picha kwenye simu yangu aliikuza kwa vidole, akatazama mishono ya fedha kwa muda mrefu, kisha akauliza wanazuiaje kisu kisicheze kikiwa hakifiki mwisho. Hakuuliza bei. Nilimweleza kwamba siku hizi huvaliwa harusini na kwenye sherehe. "Ah," alisema, akanirudishia simu, "basi hicho hakikimbii."

Ala yangu ya pili ilinichukua Jumamosi tatu. Tabaka tatu ukingoni. Mishono ya uma. Kingo nilizisugua kwa kitambaa kibichi na kipande cha mfupa hadi matabaka yakaungana yakang'aa kama ukuta mmoja, nikamalizia kwa nta. Nchani niliacha tundu dogo la kutolea maji, nikimkumbuka yule kijana na ndama wake. Nilipokirudisha kisu ndani kilitoa mlio mdogo, kama mlango wa gari zuri.

Mzee aliichukua akaipindua chini juu, juu ya gunia lake la vipande. Akatikisa. Akatikisa tena kwa nguvu zaidi. Kisu hakikusogea. Akakichomoa kwa kidole gumba, akakirudisha, akasikiliza mlio. Akahesabu matabaka kwa ukucha. Kisha akasimama, akaiweka kiunoni mwangu upande wa kulia, akaona ulimi wa mkanda umetazama nje.

Nilikuwa nimelaza karatasi kwa uso usio wake.

"Imetoka vizuri sana," alisema. "Hii ni ya mtu wa mashoto."

Akaitwaa, akaitundika kwenye msumari juu ya kichwa chake, kati ya kamba za viatu na zipu. Mwenyewe atakuja, alisema, mashoto hawana pa kununua. Kisha akaninyooshea kiganja kilicho wazi, akasubiri. Sikuelewa.

"Kisu nacho uache," alisema. "Au huyo atakuja kununua ala ya kuwekea nini?"